Nilikupa Usome, Nani Kakwambia Upange?

Ugomvi wangu na metodi unaanzia kwenye mabano. Nje ya mabano kuna amani. Metodi ina jina lake, jina lina maana au halina, tunavumiliana. Ni ndani ya yale mabano mawili ndimo zinamopita fedheha zote za ofisi yetu. Humo unakabidhi agumenti, yaani vitu ambavyo metodi inavihitaji ili ifanye kazi: namba ya mwanachama, kiasi cha mkopo, orodha ya majina. Unakabidhi, unafunga mabano, unaweka nukta mkato, unakwenda zako kunywa chai. Ukirudi unakuta orodha yako si ile uliyoiacha.

Ninachotaka kujua ni kidogo sana. Ninapoipa metodi kitu changu, nimeipa nakala au nimeipa kitu chenyewe? Swali la mtoto wa darasa la tatu. Lakini liulize mbele ya watu wanaojenga mifumo inayoshika fedha za wananchi, uone watakavyotazama dari.

Tuanze na Java, maana ndiyo inayonilisha. Vijana wanatoka chuo na jibu moja walilokaririshwa: namba hupitishwa kwa nakala, obyekti hupitishwa kwa rejea. Wanalitamka kwa utulivu wa mtu aliyelipatia alama zote. Jibu si kweli. Tangu ilipotoka mwaka 1995, Java hupitisha nakala tu, haijui njia nyingine. Ukiipa int, inanakili hiyo int. Ukiipa obyekti, hainakili obyekti hata kidogo. Inanakili rejea, kile kielekezi kinachosema obyekti iko wapi kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Obyekti inabaki moja. Wanaojua inakokaa ndio wanaoongezeka.

Mchukulie fundi rangi uliyemchongea ufunguo wa nyumba yako. Ufunguo wake ni kopi, sawa, lakini nyumba ni ileile. Akiingia akaipaka sebule rangi ya chungwa, utakaa kwenye chungwa wewe na wageni wako. Ila akiutupa huo ufunguo akachukua wa nyumba ya jirani, wewe wa kwako bado uko mfukoni na wala hutajua. Ndiyo maana ukimwambia kijana aandike metodi ya Java ya kubadilishana, a ichukue nafasi ya b na b ichukue nafasi ya a, ataandika mistari yake mitatu misafi, ataiita, na a itabaki a. Funguo zimebadilishana mle ndani, metodi imekwisha, funguo zimekwenda na maji. Huku nje hakuna aliyehama.

Hili ni swali linalopendwa sana kwenye usaili wa kazi. Nimewahi kukaa upande wa wanaouliza, nikamwona msailiwa akilijibu vizuri kabisa, na mwenzangu pembeni akimwekea mkasi mwekundu kwa sababu yeye mwenyewe bado ana lile jibu la chuo. Yule binti aliajiriwa kwingine. Mwenzangu bado yupo.

Sasa niwaeleze habari ya wanachama.

Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa chama kimoja cha kuweka na kukopa. Ukurasa wa mwanzo ulionyesha wanachama kwa mpangilio walioutaka viongozi wenyewe: mwenyekiti juu, makamu wake, katibu, mama mhazini, kisha wengine kwa tarehe ya kujiunga. Itifaki ikazingatiwa. Kijana wetu mmoja akapewa kazi ya kuandika metodi ya kuchapisha ripoti ya madeni. Akaiita chapishaRipoti. Jina la heshima, linaahidi kuchapisha na si zaidi. Ndani yake, mstari wa pili, akaita Collections.sort na kuipanga orodha kuanzia mwenye deni kubwa, ili ripoti isomeke vizuri. Na kweli ilisomeka vizuri. Tatizo ni kwamba orodha aliyoipanga haikuwa nakala. Ilikuwa ileile inayolisha ukurasa wa mwanzo. Kila karani alipobonyeza Chapisha, orodha ya itifaki iligeuka orodha ya wadaiwa, mkubwa juu.

Kasoro hiyo ilichelewa sana kugundulika, na sababu ni moja tu: mwenyekiti alibaki wa kwanza.

Aliyeibua ni mama mhazini. Mama wa watu hadaiwi hata senti, kwa hiyo akajikuta mwisho kabisa wa ukurasa. Akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, nimewakosea nini?"

"Kwani imekuwaje, mama?"

"Deni langu nimemaliza lote, risiti ninazo. Leo mmeniweka chini ya mlinzi."

Nikaanza kumweleza kwamba metodi ilipewa rejea ya orodha ilhali ilistahili kupewa nakala. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu mwenye adabu. Kisha akasema, "Hayo ya nakala mtamalizana wenyewe. Mimi nirudisheni juu."

Kijana nilipomwita alikuja na utetezi, na utetezi wenyewe alikuwa anauamini. "Braza, mimi orodha yenu sijaigusa. Yenu inaitwa orodhaKuu. Mimi nimepanga hii yangu, inaitwa wanachama. Tazama." Nikatazama. Ni kweli, majina yalikuwa mawili. Kwenye kumbukumbu ya kompyuta orodha ilikuwa moja, haina habari na majina yetu.

Simlaumu sana. Ninayemlaumu ni aliyeamua kwamba mstari usemao chapishaRipoti(orodhaKuu) utoshe. Ukiusoma huo mstari, kuna kitu kinachokuonya kwamba orodha yako inakwenda kufanyiwa mabadiliko? Hakuna. Metodi inayosoma tu na metodi inayovunja samani huitwa kwa namna ileile, mabano yaleyale. Inabidi ufungue ndani usome, na ndani nako inaita metodi nyingine, na hiyo inaita nyingine, mpaka jioni.

Zipo lugha zenye haya kidogo. C# ukitaka metodi iweze kukibadilisha kigeu chako chenyewe, unaandika neno ref mahali metodi inapotangazwa na mahali inapoitwa, pande zote mbili, kama mashahidi wa mkataba. Msomaji anaona. Ila hapo hapo niwaharibie furaha: obyekti ikipita bila ref, mle ndani bado inaweza kupakwa chungwa kama kawaida. Rust, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2015, ni kali zaidi. Unakopesha kwa kusoma, au unakopesha kwa kubadilisha na unaandika &mut waziwazi, au unatoa moja kwa moja na kitu si chako tena; ukijaribu kukitumia, kompaila inakukatalia. Watu wanailalamikia Rust kwamba inasumbua. Inasumbua, ndiyo, kama mhasibu anayetaka risiti. C++ kwa upande wake ina ile alama ya & ambayo huwekwa kwenye tangazo la metodi, mbali kule kwenye faili lingine, na mahali pa kuita haionekani kabisa. Mtu anapokea kitu chako chenyewe na wewe unadhani kapokea nakala. Kuna const ya kumzuia, kama mwandishi aliikumbuka.

Msidhani zamani ilikuwa nafuu. Fortran ya miaka ya 1950 ilizoea kupitisha anwani ya kitu, na kompaila kadhaa za zama hizo zilipitisha hata anwani ya namba iliyoandikwa waziwazi kwenye programu. Unaita programu ndogo kwa kuipa 4, yenyewe mle ndani inaongeza moja, na kuanzia hapo kila penye 4 kwenye programu nzima panaweza kusomeka 5. Namba nne, jamani. Kitu ambacho kila mtu alidhani ni cha uhakika. Halafu wakaja wataalamu wa Ulaya na Marekani na Algol 60, nao wakaona kunakili ni kwepesi mno. Wakaweka njia ya kupitisha agumenti kwa jina: unachokabidhi si thamani, ni maelezo yenyewe ya kuitafuta, na yanapigiwa hesabu upya kila yanapoguswa mle ndani. Ukijaribu kubadilishana i na A[i] kwa njia hiyo, ukishaigusa i, ile A[i] unayoikusudia inakuwa imehamia chumba kingine. Mdenmark mmoja, Jørn Jensen, aliigeuza tabia hiyo kuwa ujanja wa kujumlisha mifuatano, na mpaka leo ujanja huo unabeba jina lake. Namheshimu, lakini singependa kurithi msimbo wake.

Aliyelieleza vizuri jambo letu la leo ni Barbara Liskov wa MIT, pamoja na wenzake waliotengeneza lugha ya CLU miaka ya 1970. Wao walisema kinachotokea ni kushirikiana: anayeita na anayeitwa wanashirikiana obyekti moja. Basi. Neno hilo lingetosha kuwatoa gizani wanafunzi wote wa Java, Python na JavaScript, maana zote zinafanya hivyohivyo kwenye obyekti. Halikushika. Mwaka 2008 Liskov alipewa Tuzo ya Turing, na sisi tukaendelea kufundisha lile jibu la uongo.

Na kuna waliobadili mawazo safari ikiwa katikati. PHP 4 ukiipa obyekti ilikuwa inainakili yote, isipokuwa uweke &. Mwaka 2004 ikaja PHP 5, obyekti ikaacha kunakiliwa. Walioandika msimbo wao wakitegemea nakala wakaamka asubuhi wanashirikiana bila kuulizwa.

Python nayo nina yake nayo, tena mawili. La kwanza ni self. Unaandika metodi ndani ya klasi, unasahau kuweka self mwanzoni, unaiita kwa agumenti moja, inakurudishia kosa: metodi inapokea agumenti 1, lakini umetoa 2. Unahesabu. Moja. Unahesabu tena kwa kidole kwenye kioo. Moja. Ya pili ni obyekti yenyewe, inayojipenyeza mbele ya wengine bila kutajwa, kama mjumbe wa nyumba kumi kwenye pilau. Java nayo inafanya hivyohivyo, ila inaificha kwa jina la this na wala haikuombi uiandike. Sijui nani ana afadhali, anayeficha au anayekulaumu.

La pili ni kubwa zaidi. Ukiandika kwenye tangazo def sajili(jina, wachangiaji=[]), unaamini kwamba mtu asipoleta orodha, metodi itaanza na orodha tupu. Itaanza nayo, mara ya kwanza. Python hutengeneza ile orodha tupu mara moja tu, pale tangazo linaposomwa, na kila anayeita bila kuleta ya kwake anapewa ileile, pamoja na makombo ya waliotangulia. Mpwa wangu aliandika kiprogramu cha kukusanya michango ya harusi, kinakaa kimewashwa na kutuma ujumbe wa kukumbusha. Harusi ya kwanza ilikwenda salama. Ilipokuja ya pili, ya watu wengine kabisa, orodha ya wachangiaji ilianza na wote wa harusi ya kwanza, na ujumbe ukawaendea: tunakukumbusha ahadi yako, zimebaki siku chache. Mpwa wangu alijiandaa kwa matusi. Hayakuja. Watu walilipa. Wapo waliolipa na kuomba radhi kwa kuchelewa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza anayeoa ni nani.

Hadi hapa nilikuwa nalalamikia kinachopita mlangoni. Sijagusa msongamano wa mlangoni wenyewe. Nimekuta kwenye msimbo wetu mstari unaosomeka tumaUjumbe(mteja, true, false, true, null, 0). True gani? False ya nini? Kila mmoja aliyewahi kuugusa huo mstari ameongeza agumenti yake mwishoni na kuondoka. Lakini tusijione wabaya peke yetu. Windows ina CreateWindowEx, kazi ya kufungua dirisha, inayotaka agumenti 12. Java inaruhusu zifike 255, na hapo kwenye 255 imejihesabu na ile this yake isiyotajwa. Robert C. Martin aliandika mwaka 2008 kwamba idadi bora ya agumenti ni sifuri. Namuunga mkono kwa roho moja. Mtu usipompa kitu, angalau hana chako cha kuharibu.

Mpangilio ndio unaoua zaidi. Metodi hamisha inataka akaunti ya kutoka, akaunti ya kwenda, na kiasi. Akaunti zote mbili ni String. Zigeuze, kompaila haina neno, String ni String, na fedha zinarudi kinyumenyume kwa aliyekuwa anadaiwa. PHP imelifanya jambo hili kuwa mtihani wa taifa: in_array unaanza na kinachotafutwa kisha mahali pa kutafuta, strpos unaanza na mahali pa kutafuta kisha kinachotafutwa. Sijawahi kumwona aliyekariri; wote tunafungua mwongozo.

Na Date ya zamani ya Java, hiyo ni ya kuandikiwa barua ya malalamiko. Unataka tarehe 15 Januari 2024, unaandika new Date(2024, 1, 15), kama binadamu yeyote. Lakini mwaka unahesabiwa kuanzia 1900 na mwezi unahesabiwa kuanzia sifuri, wakati siku inahesabiwa kuanzia moja. Unapata 15 Februari 3924. Agumenti tatu, kila moja na desturi ya kwao. Njia hiyo ilitangazwa kuwa imepitwa na wakati tangu Java 1.1, mwaka 1997, na bado nakutana nayo kwenye mifumo inayopanga marejesho ya mikopo. Mkopaji mwenye tarehe hiyo hana haraka.

Dawa ya mpangilio ipo, tena ya kale. Smalltalk ya miaka ya 1970 ilikuwa inachomeka maneno katikati ya agumenti, kila moja inajieleza ni ya nini. Python inakuruhusu kutaja jina la agumenti unapoita, na tangu toleo la 3.0 la mwaka 2008 mwandishi wa metodi anaweza kukulazimisha utaje. PHP 8 imelikubali jambo hilo mwaka 2020. Hamisha, kutoka hii, kwenda ile, kiasi hiki. Hata mama mhazini angeusoma huo mstari na kusahihisha. Java bado inagoma. Imepata mambo mengi mapya ya kifahari miaka hii, lakini kuniruhusu niseme hii namba ni ya nini pale ninapoitoa, hapana.

Kwa hiyo tuliobaki Java tujihami wenyewe. Joshua Bloch amelisema tangu mwaka 2001 kwenye kitabu chake Effective Java: ukipokea kitu kinachoweza kubadilishwa, au ukikitoa, tengeneza nakala ya kujilinda. Zamani ilikuwa kazi ya kuandika kwa mkono. Java 10, iliyotoka Machi 2018, ikaleta List.copyOf. Unaipa orodha, inakupa nyingine isiyobadilishika, na atakayethubutu kuipanga upya programu inamwangukia palepale, kwenye kompyuta yake, kabla mteja hajapiga simu. Inanakili orodha tu, hainakili wanachama waliomo. Atakayebadilisha deni la mtu, deni limebadilika kila mahali. Na ukiwa na null ndani ya orodha inakataa kabisa, kwa haki.

Nawaomba basi ninyi mnaoandika metodi zitakazopokea vitu vya watu. Orodha ya mtu isomeni. Mkitaka kuipanga, nakilini kwanza, pangeni nakala. Na kama hakuna budi kuigusa yenyewe, semeni kwenye jina: pangaOrodhaKishaChapisha. Ni jina refu, ni jina baya, na mimi nitalipitisha bila kuuliza swali.